Barua kwa Mwanangu Anayetafuta Kazi ya Kwanza ya Mazingira

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeisoma, mimi na baba yako, na swali lako tumelielewa: shirika la uhifadhi limekupa nafasi ya kujitolea kwa miezi sita bila malipo katika kitengo chake cha uhamasishaji, na papo hapo mtambo wa kusafisha maji taka unakuita uwe msaidizi wa maabara kwa mshahara mdogo, unataka kujua ni ipi itakayopendeza zaidi kwenye wasifu wako utakapoomba kazi ya kudumu. Kuhusu kupendeza sina mengi ya kusema, kwa sababu waajiri hawafanani. Mimi nitakueleza habari ya kipimo, nawe usinung'unike kwamba nimeanza tena.

Mkimaliza chuo mnadhani kazi za mazingira ziko msituni na katika mashirika yanayotetea wanyama, kumbe nyingi zimezaliwa na sheria. Marekani ilipotia saini sheria yake ya sera ya mazingira tarehe 1 Januari 1970, miradi mikubwa ya serikali ililazimika kueleza madhara yake kabla ya kuanza. Utaratibu huo, tunaouita tathmini ya athari kwa mazingira, umeenea karibu kila nchi, na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, uliofanyika Rio mwaka 1992, uliutia katika azimio lake. Mwaka 1996 kikaja kiwango cha kimataifa cha ISO 14001, ambacho kampuni haithibitishwi nacho mpaka iwe na utaratibu wa kusimamia athari zake na ikubali kukaguliwa. Ndiyo maana mgodi, kiwanda cha saruji, kampuni ya barabara na mamlaka ya maji wote wanahitaji mtu wa mazingira, na mtu huyo, kabla ya kuulizwa maoni, huulizwa takwimu zake zimetoka wapi. Shika kwanza kipimo, ripoti itafuata: hilo niliwaambia tangu mlipokuwa mkilikalia sanduku langu la barafu la kubebea sampuli garini, na dada yako hulirudia hadi leo kwa kunidhihaki.

Habari ya mto ule unaijua juujuu tu, kwa kuwa baba yako huondoka mezani nikiianza. Nilikuwa nimeajiriwa na wataalamu washauri waliopewa kazi ya kutathmini upanuzi wa kiwanda cha sukari, nami nilitumwa kuchukua maji juu ya bomba la kiwanda na chini yake. Oksijeni iliyoyeyuka majini, ambayo samaki huivuta na uchafu unaooza huimaliza, tuliipima kwa njia ya Lajos Winkler, Mhungaria aliyeitangaza mwaka 1888. Chupa huzamishwa na kujazwa polepole hadi kisibaki kiputo hata kimoja, hutiwa salfeti ya manganizi, kisha mchanganyiko wa iodidi na alkali, halafu hufungwa na kupinduliwa. Maji yakiwa na oksijeni, mashapo hugeuka ya kahawia. Yakiwa hayana, hubaki meupe. Chupa ya juu iligeuka kahawia palepale mkononi mwangu. Ya chini ilibaki nyeupe kama chokaa. Nikaipindua tena, nikasubiri mashapo yatuame, nikajaza nyingine: nyeupe.

Ripoti ilipotoka jina langu halikuwamo, jambo ambalo ningelivumilia, lakini kipimo cha chini ya bomba nacho hakikuwamo. Kilibaki cha juu peke yake, chini ya kichwa kisemacho «Hali ya Mto». Aliyeiandika sura ile hakuwahi kulowesha kiatu. Nilipomwuliza, alinijibu kwa upole kabisa kwamba namba moja isiyolingana na nyingine huwachanganya wasomaji. Upole ule ndio unaoniuma. Angenifokea, ningekuwa nimeshasahau. Nakala za fomu zangu za sampuli, zenye saa, mahali na saini, zimo kabatini chini ya vyeti vyenu.

Sasa utaniuliza, kama baba yako alivyoniuliza jana, kipimo kilinifaa nini ikiwa mwenye kalamu alikuwa mwingine. Anasema kwamba huko kwenye uhamasishaji ungejifunza kuandika na kusikilizwa, na kwamba vipimo vingi vimeozea madaftarini kwa kukosa wa kuvisemea. Ana hoja, na nimelala nayo. Lakini msemaji asiyejua kwa nini chupa hubaki nyeupe hunyamazishwa na mtu yeyote mwenye jedwali, na hapo narudi palepale: kipimo kwanza.

Kuhusu kufanya kazi bila malipo nashindwa kuwa mpole. Kwenda kuhesabu ndege mwisho wa wiki ni kujitolea. Miezi sita ya kuingia asubuhi na kutoka jioni ni ajira isiyolipwa, na anayeimudu ni yule aliye na mzazi wa kumlisha. Mwaka 2015 kijana aliyekuwa katika mafunzo kazini yasiyolipwa ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva alijulikana dunia nzima kwa sababu alikuwa akilala hemani. Wewe unaye wa kukulisha, nakiri, na pengine ndiyo maana naliona jambo hili kwa uchungu zaidi.

Kabla ya kujibu, waulize. Mtambo uulize kama utaendesha mwenyewe kipimo cha BOD, yaani cha oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuozesha uchafu wa majini, kile cha siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi, au utaosha vyombo tu. Kama saini yako itakuwa kwenye fomu. Na kama watakuchanja dhidi ya pepopunda na homa ya ini, maana maji yale si ya mzaha. Shirika liulize kuhusu nauli na bima, kisha uombe kuzungumza na mtu aliyejitolea hapo kabla yako akaajiriwa. Wakisita kukutajia hata mmoja, kusita huko nako ni jibu.

Baba yako amenikataza nisikuamulie, nami sikuamulii, ingawa kalamu inanivuta na wewe si mjinga wa kutojua inakovutia. Ukichagua shirika, nauli itatoka kwangu. Ukichagua mtambo, koti langu la maabara lipo, ila mikono yake itakuwa mifupi kwako. Usitie saini popote kabla ya kututumia nakala ya mkataba: baba yako atasoma sehemu ya mshahara, mimi nitasoma ya majukumu.

Mama yako