Muulize Fundi: Nikate Fremu, au Ninunue Iliyokwisha Kukatwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeweka akiba muda mrefu ili ninunue pikipiki ya injini kubwa, na kila nikiikaribia bei, nakuta imeshasogea. Siitaki kama ilivyotoka kiwandani. Nataka kiti cha chini cha mtu mmoja, usukani mpana, tairi pana nyuma, madigadi yaliyokatwa, ekzosi fupi na rangi nyeusi isiyong'aa. Nilimpelekea fundi mmoja orodha hiyo, na gharama aliyoniandikia inazidi nusu ya bei ya pikipiki yenyewe. Je, ninaibiwa? Na je, ninunue mpya au iliyotumika?
Dada Mpenda Bobber

JIBU: Marahaba mwanangu. Siwezi kusema unaibiwa kabla sijaona mchanganuo wa saa za kazi, na huo ndio karatasi ya kwanza unayopaswa kumdai huyo fundi. Lakini kwa orodha uliyoniandikia, hesabu yake hainishangazi hata kidogo.

Tuanze na bei ya pikipiki yenyewe. Ile aliyopanda baba yako ilikuwa na kabureta, plagi, waya chache na breki za kukaza kwa kebo. Ya leo ina kompyuta ya injini, sindano za kupulizia mafuta, sensa ndani ya ekzosi, sensa kwenye magurudumu na pampu ya ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu kujifunga. Ulaya iliamuru ABS kwa pikipiki za zaidi ya cc 125 kuanzia 2016 kwa modeli mpya, kisha kanuni ya moshi ya Euro 5 ikaanza 2020 kwa modeli mpya na 2021 kwa nyingine zote mpya zinazouzwa huko. Viwanda vikubwa havipendi kutengeneza injini mbili tofauti, kwa hiyo mara nyingi hata mnunuzi wa soko lisilo na kanuni hizo analipia mashine ileile. Ndani ya ekzosi kuna kichujio cha moshi chenye platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayopimwa kwa gramu kwa sababu ya bei yake. Kisha 2020 na 2021 zikaja na uhaba wa chipu za elektroniki na nauli za makontena zikapaa. Bei nyingi zilizopanda wakati ule hazikurudi zilikotoka.

Ushuru nao una historia yake. Mwaka 1983 serikali ya Rais Reagan wa Marekani ilipandisha ushuru wa pikipiki za nje zinazozidi cc 700 kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4, uwe unapungua mwaka hadi mwaka. Wajapani wakajibu kwa kupunguza injini ili zipite chini ya mstari huo. Sahihi moja ya mwanasiasa inaweza kubadilisha bei kuliko kazi yote ya kiwandani.

Katika gharama zote hizo, moja ninaitetea bila kusita, nayo ni ABS. Nimeshapokea gereji pikipiki nyingi zilizoanguka kwa gurudumu la mbele kujifunga kwenye lami yenye maji. Usiwe miongoni mwa wanaotafuta modeli isiyo nayo ili kuokoa fedha.

Sasa hiyo orodha yako. Mtindo unaoupenda, huo wa bobber, yaani pikipiki iliyokatwa na kupunguzwa vitu, ulizaliwa na vijana wasio na fedha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pikipiki za jeshi za Harley-Davidson za aina ya WLA ziliuzwa kwa bei ya chini, na waliozinunua wakang'oa kila kilichoongeza uzito: madigadi yakakatwa, viti vya abiria vikatupwa. Msumeno na mikono yao vilitosha. Leo ukikata digadi la nyuma unakuta waya za taa, pengine na sensa, na kila kimoja kinaongea na kompyuta. Ukifunga indiketa ndogo za LED, kompyuta inaona umeme unaotumika ni kidogo mno, inadhani balbu imeungua, na indiketa inaanza kupepesa haraka. Mtu anakaa siku nzima kutafuta suluhisho la taa mbili. Saa hizo ndizo unazoandikiwa.

Kitu ambacho ningekifuta kwenye orodha yako leo hii ni tairi pana. Tuseme unatoka milimita 150 kwenda 200. Hununui tairi peke yake. Rimu lazima ibadilishwe, mkono wa nyuma upanuliwe, mnyororo usogezwe nje usikwangue tairi, maana yake sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, nayo isogezwe, kisha digadi jingine litafutwe. Kila hatua inataka kuchongesha chuma kwa vipimo, kwa sababu gurudumu likikaa pembeni kidogo pikipiki inavuta upande. Na ukishalipa yote hayo unapata pikipiki inayogoma kulala kwenye kona. Inapendeza ikiwa imeegeshwa. Wewe umeniandikia kama mtu anayetaka kuiendesha, kwa hiyo nakushauri uiache.

Ekzosi ina njia mbili. Ukibadilisha kopo la mwisho tu na kuacha bomba lenye kichujio na sensa, kazi ni ya muda mfupi na injini haina taabu. Ukibadilisha mfumo mzima, mchanganyiko wa hewa na mafuta unavurugika, mara nyingi mafuta yanakuwa haba na injini inachemka kupita kiasi. Hapo lazima kompyuta ipangwe upya kwenye mashine ya kupimia nguvu. Ongeza hatari ya kukataliwa kwenye ukaguzi na kupoteza garantii. Chagua kopo.

Usukani hauna shida iwapo haupandi sana. Ukipanda sana, kebo ya klachi, waya za swichi na mpira wa breki vyote vinakuwa vifupi, na kwenye baadhi ya pikipiki zenye ABS kutoa hewa kwenye breki kunahitaji kifaa cha kompyuta ambacho si kila gereji inacho. Kiti ndicho kitu cha thamani kuliko vyote kwako: fundi wa viti akipunguza sponji na kulichonga kwa umbo lako, unashuka chini bila kugusa shokomzoba. Wanaokushauri ufunge shokomzoba fupi hawakuambii kwamba chuma kitakwangua barabara mapema kwenye kona na kila shimo utalisikia kwenye uti wa mgongo.

Rangi nyeusi isiyong'aa usiitazamie iwe rahisi. Sehemu kubwa ya gharama ya rangi ni kusugua na kuziba kabla ya kupuliza, na hiyo haijali kama mwisho utang'aa. Tena ikikwaruzika huwezi kuipiga polishi, maana utaacha doa linalong'aa. Inapakwa upya.

Mpya au iliyotumika? Ningetafuta kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kununua inayokaribia sana unachotaka kutoka kiwandani. Tangu Harley-Davidson walipotoa Super Glide mwaka 1971, viwanda vimejua kwamba watu wanapenda sura ya kazi za gereji. BMW walipotoa R nineT mwaka 2013 waliigawa fremu ili kipande cha nyuma kifunguliwe kwa boliti, bila msumeno wala kuchomelea. Kwa kila modeli unayoitazama, uliza: fremu ya nyuma inafunguka? Ikifunguka, umeokoa fedha na hujaharibu kitu kisichorudi.

Ya pili, na ndiyo ninayoielekea kwako, ni kununua iliyokwisha kubadilishwa na mtu mwingine hadi ikakamilika. Anayeuza pikipiki ya namna hiyo ni nadra kurudishiwa alichotumia, kwa sababu mnunuzi hulipia pikipiki, si saa za gereji. Hasara yake ni nafuu yako. Lakini ivue kiti kwanza. Ukiona waya zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, ondoka. Angalia michomeleo kama ina nyufa au kutu, linganisha namba ya fremu na hati, na soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki za maonyesho hukaa sana bandani, na tairi huzeeka hata zikiwa na kina kizuri. Muombe na vifaa vya awali, kwa sababu siku ukitaka kuiuza ndivyo vitakavyokusaidia. Bima nayo ielezwe kila mabadiliko yaliyofanywa.

Iliyoanza kubadilishwa ikaachwa bila kukamilika, yenye maboksi ya spea pembeni, usiiguse kwa bei yoyote.

SWALI: Fundi, nina pikipiki ya cc 125 ya kazi. Nikifungua ekzosi iwe wazi, itapata nguvu?
Kijana wa Asubuhi

JIBU: Itapata kelele, na huenda ikapoteza nguvu ya kuondokea. Fedha hiyo nunua mnyororo pamoja na sproketi zote mbili kwa mara moja, kwa sababu mnyororo mpya kwenye sproketi iliyochakaa unalika haraka. Kikibaki kitu, padi za breki za mbele.