Kompyuta moja, wateja wengi: kivinjari gani kiwe kaunta?

Anayefanya kazi steshenari hapa Moshi, hasa upande wa Chuo Kikuu cha Ushirika ambako wanafunzi hawakauki, anajua kwamba siku nzima inaishia ndani ya kivinjari. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB ukifunguliwa, foleni inafika nje. Huyu anahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, yule anaomba kazi Ajira Portal, mama mwenye duka Mbuyuni amekuja kusajili jina la biashara BRELA, kijana wa bodaboda anataka TIN, ile namba ya mlipakodi. Kila mmoja ana barua pepe yake, nywila yake na namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na wote wanakalia kiti kilekile.

Wenzangu wa kazi hii huniuliza ni kivinjari gani chenye kasi zaidi. Kwangu mimi hilo si swali la kwanza. Mtandao ukiwa mzito, vyote vitasubiri. Swali la kwanza ni hili: mteja akinyanyuka, kinabaki nini kwenye skrini na ndani ya mashine? La pili: vidole vyako vikibonyeza kitu kwa mazoea, kivinjari kitaelewa unachokitaka au kitafanya jambo jingine kabisa? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayotofautisha Chrome, Edge na Firefox kwenye kompyuta ya watu wengi.

Tuanze na ukoo. Chrome ilitoka mwaka 2008, na imejengwa juu ya mradi wa wazi uitwao Chromium. Brave na Vivaldi zimejengwa juu ya msingi huohuo. Opera, ambayo asili yake ni Norway, iliacha injini yake yenyewe, yaani sehemu inayosoma kurasa na kuzionyesha, na kuhamia huko mwaka 2013. Edge ya sasa, ile ya Microsoft, ilihamia Januari 2020. Kwa hiyo ukihama kutoka Chrome kwenda Edge umebadilisha nyumba lakini hujatoka kijijini. Firefox ya Mozilla, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004, ndiyo iliyobaki na injini yake, Gecko.

Vitufe vingi vinafanana kwenye vyote hivyo, na hapo ndipo pa kuanzia kumfundisha mfanyakazi mpya. Ctrl+T hufungua kichupo (tab) kipya, Ctrl+W hukifunga, Ctrl+L humpeleka kwenye sehemu ya anwani bila kushika mausi, Ctrl+F hutafuta neno ndani ya ukurasa. Ctrl+1 hadi Ctrl+8 humpeleka kwenye kichupo cha kwanza hadi cha nane, na Ctrl+9 siku zote ni kile cha mwisho, hata viwe ishirini. Mimi hupanga hivi: mfumo anaouombea mteja uwe wa kwanza, barua pepe yake ya pili, ukurasa wa malipo wa tatu. Namba ya malipo ikiingia kwenye barua pepe, ni Ctrl+2, nakili, Ctrl+3, bandika. Mteja anaona kazi inakwenda, na wewe hupotei kati ya vichupo.

Ctrl+Shift+T hurudisha kichupo kilichofungwa. Kwako ni mkombozi. Kwa mteja anayefuata ni mlango wa kuingilia kwenye mambo ya aliyetangulia, kama huyo aliyetangulia hakutoka kwenye akaunti yake. Kuna pia mpangilio unaokiambia kivinjari kiendelee pale kilipoachia, unaotusaidia sana umeme unapokatika. Uweke kwenye kompyuta yako ya mezani. Kwenye kompyuta ya wateja uzime, maana mashine ikiwaka itamfungulia mtu wa pili vichupo vya mtu wa kwanza.

Sasa tufike kwenye vitufe vinavyobadilika maana, na hapa naomba unisome taratibu.

Kwenye Chrome, Edge na Brave, Ctrl+Shift+N hufungua dirisha fiche (incognito), lile lisilotunza historia. Kwenye Firefox, kazi hiyo inafanywa na Ctrl+Shift+P. Ungesema ni tofauti ndogo, lakini Ctrl+Shift+N ndani ya Firefox hairuhusiwi kukaa bure: hurudisha dirisha la mwisho lililofungwa. Yaani mtu aliyezoea Chrome, anayetaka kumlinda mteja, anabonyeza vitufe alivyovizoea, na Firefox inamletea dirisha zima la mteja aliyeondoka. Upande wa pili nao una yake. Ctrl+Shift+P kwenye Chrome na Edge hufungua lile dirisha la kuchapa la Windows, lenye mipangilio yote ya printa. Sisi wa steshenari tunalihitaji kila siku, kwa kuchagua trei au kuchapa pande mbili. Ukiwa Firefox na mazoea hayo, badala ya printa unapata dirisha fiche tupu, na foleni inakutazama.

Ctrl+Shift+A nayo ni hivyohivyo. Chrome na Edge hukuletea orodha ya vichupo vilivyo wazi, unaandika herufi mbili tatu na kichupo kinapatikana. Firefox hukupeleka kwenye ukurasa wa viendelezi (extensions). Ukitaka kutafuta vichupo kwenye Firefox, bonyeza Ctrl+L, andika alama ya % na nafasi, kisha neno lako. Ukishaizoea ni njia nzuri sana, na alama ya * inafanya hivyo kwa alamisho (bookmarks) na ^ kwa historia.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni mmoja na siubadilishi: kompyuta zote za kaunta ziwe za ukoo mmoja. Usiweke Chrome kwenye hii na Firefox kwenye ile kisha ukategemea mfanyakazi akumbuke yuko wapi. Saa kumi jioni, watu kumi wamesimama, hakuna anayekumbuka.

Kuhusu dirisha fiche lenyewe, watu wengi wanaliamini kupita uwezo wake. Binti mmoja wa chuo aliwahi kuniuliza akiwa ameshafika mlangoni, "Dada, samahani, si nimetumia ile nyeusi, kwa hiyo barua pepe yangu imeshajifunga yenyewe?" Nilimwambia rudi mdogo wangu, tuangalie pamoja. Dirisha fiche husahau akaunti pale tu madirisha fiche yote yanapofungwa. Ukifungua la pili kwa ajili ya mteja wa pili huku la kwanza likiwa limejificha chini kwenye upau, yote mawili yanatumia kumbukumbu moja, na mteja wa pili akifungua Gmail ataikuta ya wa kwanza. Iko hivyo Chrome, Edge na hata Firefox. Kwa hiyo mteja akimaliza, Ctrl+Shift+W, dirisha zima lifungwe, na uhakikishe hakuna jingine lililobaki.

Tena dirisha fiche halifuti mafaili yaliyopakuliwa. Cheti cha kuzaliwa, fomu ya mkopo yenye majina ya wazazi, nakala ya kitambulisho, vyote vinabaki kwenye folda. Bonyeza Ctrl+J mteja akiwa bado amekaa, futa mafaili yake mbele yake, kisha futa na kwenye pipa la taka. Wala dirisha fiche halimfichi mtu kwa mwenye mtandao au kwa tovuti anazozitembelea. Google yenyewe ilishtakiwa Marekani juu ya jambo hilo, na mwaka 2024 ikakubali kufuta kumbukumbu nyingi ilizokusanya kwa watu waliotumia hali hiyo.

Kilicho bora kuliko dirisha fiche kwa kaunta, na ambacho sioni kikitumika mjini kwetu, ni hali ya mgeni. Bofya picha ya wasifu (profile) juu ya dirisha la Chrome au Edge, chagua mgeni. Tofauti yake ni kubwa: dirisha fiche bado linaweza kutumia nywila na alamisho za mwenye kompyuta, ila mgeni haoni chochote chako. Akifunga, historia na akaunti zake nazo zinafutika, ila mafaili aliyopakua hubaki. Kama una nywila za ofisi kwenye mashine hiyo, hali ya mgeni ndiyo ya kutumia kila siku.

Firefox mimi nimeiweka kwenye meza yangu ya ndani, na siioni ikitoka. Mozilla wana kiendelezi kiitwacho Multi-Account Containers, kinachotenganisha vichupo kwa rangi ndani ya dirisha moja. Kichupo cha kijani kina barua pepe ya ofisi, cha bluu kina akaunti yangu, cha njano kina akaunti ya mteja wa kampuni ninayemfanyia kazi ya muda mrefu, na hakuna kinachojua kingine kimeingia kama nani. Chrome na Edge wanakupa wasifu tofauti badala yake, kila mmoja na dirisha lake. Inafanya kazi, ila madirisha yanakuwa mengi. Jingine la Firefox ni kuzuia matangazo: uBlock Origin kamili bado inafanya kazi huko, wakati Chrome imeondoa aina ya viendelezi ilivyotegemea na kubaki na ile nyepesi ya uBlock Origin Lite. Kwa anayenunua bando, matangazo yasiyopakuliwa ni fedha.

Kaunta nimechagua Edge, hasa kwa vitu viwili. Ctrl+Shift+S hupiga picha ya ukurasa mzima, hata ule mrefu wa kushusha, na mteja anaondoka na ushahidi kwamba maombi yake yamepokelewa. Firefox inayo pia, kwa vitufe vilevile. Kwenye Chrome njia rahisi ni Ctrl+P na kuhifadhi kama PDF. Kitu cha pili ni Ctrl+Shift+U, inayosoma ukurasa kwa sauti, na ina sauti za Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Mzee aliyekuja kutoka Kibosho bila miwani anaweza kusikiliza mwenyewe masharti ya fomu kabla hujabonyeza kutuma. Anastahili kujua anachokubali, na asilazimike kutegemea muhtasari wangu.

RAM ya GB 4 ikilemewa, Edge hulaza vichupo visivyotumika na Chrome ina kiokoa kumbukumbu chake. Kwenye vyote viwili unaweza kutaja tovuti zisizolazwa kamwe, na mifumo ya maombi iwemo. Shift+Esc hukuonyesha kichupo kinachokula mashine.

Kwa wanaojaza fomu ndefu: kitufe cha kufutia herufi (Backspace) hakirudishi tena ukurasa nyuma. Chrome waliondoa tabia hiyo mwaka 2016 na Firefox mwaka 2021, kwa sababu watu walikuwa wakipoteza walichoandika. Kurudi nyuma ni Alt na mshale wa kushoto. Kompyuta ikifanya ule mchezo wa zamani, kivinjari chake kimechakaa, kisasishe kabla hujaingiza nywila ya mtu yeyote.

Na kama bado una mashine ya Windows 7 kwenye kona, Chrome iliacha kuihudumia mwanzoni mwa 2023, ikiishia toleo la 109. Firefox iliendelea kuipatia marekebisho ya usalama kwa toleo la 115 ESR, lile linalohudumiwa kwa muda mrefu, hata baada ya hapo. Mashine kama hiyo mimi ningeiachia kuchapa na kutoa nakala tu, isiguse akaunti za wateja.

Simu ni habari nyingine. Opera Mini hubana kurasa kwenye seva zake kabla hazijakufikia, na kwa kusoma habari au kuangalia matokeo inaokoa bando vizuri, hasa tangu Chrome ilipoondoa hali yake ya kubana data mwaka 2022. Ila mteja akija na fomu aliyoanza kuijaza humo na inagoma kupakia viambatanisho, usihangaike na mfumo kwanza. Mfungulie fomu hiyohiyo kwenye Chrome ya simu yake, au mkalishe kaunta kama mgeni.