Usalama wa programu usingoje mwaka wa tatu

SWALI: Nafundisha kuandika programu mwaka wa kwanza chuoni. Somo la usalama wanafunzi wangu hulikuta mwaka wa tatu, tena ni la hiari. Vipindi vyangu vimeshajaa. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, usiombe kipindi kipya. Badili mifano unayoandika ubaoni, maana hiyo ndiyo watakayoinakili hadi kazini.

Chukua fomu ya usajili iliyoandikwa kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti. Vitini vingi bado vinachomeka jina la mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuongea na hifadhidata. Mwambie mwanafunzi amsajili Ng'ang'a. Programu itagoma: hifadhidata inaichukua ritifaa (alama ya ') ya kwanza kuwa mwisho wa jina, na herufi zinazofuata inazisoma kama amri. Darasa likishacheka, uliza: na mtu akijaza ' OR '1'='1 kwenye fomu ya kuingilia je? Sharti la '1'='1' ni kweli daima, kwa hiyo anaweza kuingia bila nywila. Hapo shambulio limejieleza bila slaidi hata moja.

Wengi watakimbilia kufuta ritifaa. Wakatalie. Umemharibia mtu jina lake, na kwenye sehemu za namba, ambako ritifaa haihitajiki, tundu liko palepale. Dawa ni prepare() na execute(): amri inatangulia ikiwa na nafasi wazi, jina linafuata kando kama data tu. Anza nayo siku ile ile unayogusa SQL. Ile desturi ya "tuanze na njia rahisi, salama baadaye" siipendi kabisa. Hiyo baadaye haifiki.

Kwa lugha ya C, pekua vitini vyako utafute gets(), amri ya kusoma maandishi ya mtumiaji. Haipimi urefu wa maandishi inayopokea, na mnyoo wa Morris wa 1988, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, ulipenya kwa udhaifu huo huo. C11, kiwango rasmi cha lugha hiyo cha mwaka 2011, kiliiondoa. Tumia fgets(). Nywila nazo, kwenye PHP, zihifadhiwe kwa password_hash() badala ya md5().

Halafu alama. Ushauri usio na alama mwanafunzi hausikii, kwa hiyo kazi inayokubali data nzuri tu isipate zote. Wabadilishane kazi, kila mmoja ajaribu kuivunja ya mwenzake, ila kwenye kompyuta za maabara pekee. Kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa la jinai: Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya kuna ya 2018. Liseme hilo kabla ya zoezi, si baada.