Uliza Anti: Hela ya makande imelipa basi la Bagamoyo, sasa nafanyaje?

Jamani mwezi huu meseji karibu zote ni za hela za shule, uji, makande, mahafali, safari, hadi mtu mmoja kauliza kuhusu sufuria lililopotea. Nimechagua chache, nyingine zinafanana nitawajibu humohumo.

Shikamoo anti. Mimi ni mweka hazina wa wazazi, shule ya msingi ya serikali huku Kibaha. Kwenye kikao tulikubaliana chakula elfu kumi kwa mwezi, safari ya Bagamoyo elfu kumi na mahafali ya la saba elfu kumi na tano. Zote zinaingia kwenye namba yangu. Safari tulitegemea watoto 40, wakalipa 30, basi lilikuwa laki nne na mwenye basi hataki stori, nikaongezea laki moja kwenye hela ya chakula nikijua wengine watalipa. Hawakulipa. Sasa muuza maharage ananidai na kwenye grupu wanasema mweka hazina anajenga. Nalala usingizi wa mang'amung'amu.

Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza acha kujibizana kwenye grupu, yaani leo hii acha, kila unavyojitetea kwa maneno ndo wanazidi kuona kuna kitu. Omba stetimenti ya namba yako kwa mtandao wako kuanzia siku mlipoanza kuchanga, kaa na mtu mmoja anayeaminika na wazazi, isiwe shoga yako, mpitie mstari kwa mstari. Daftari liwe na tarehe, jina la mtoto, darasa, kiasi, namba ya muamala na hela ni ya nini. Utakutana na tatizo ambalo kila mweka hazina analijua, hela imetumwa na jina la mjomba au dada wa kazi au laini ya bodaboda na hujui ni ya mtoto gani. Hizo ziandike pembeni, ziulizie kwenye grupu kwa namba ya muamala tu, mwenyewe atajitokeza akiwa na skrinshoti yake.

Halafu kuna hela ya kutolea. Hapa ndo waweka hazina wengi wanaonekana wezi bila kuiba hata jero. Mzazi anatuma elfu kumi kavu, hajaongeza ya kutolea, wewe unaenda kwa wakala unatoa, makato yanakatwa, mwisho wa mwezi daftari linasema laki sita na mkononi kuna pungufu na huna maelezo. Ama mkubaliane kila anayetuma atume na ya kutolea, ama usitoe kabisa, mlipe muuza maharage kwenye lipa namba yake moja kwa moja, ama makato yaandikwe kwenye ripoti kama matumizi mengine yoyote. Ukikaa kimya watu watajaza wenyewe hiyo nafasi.

Sasa ile laki. Iandike ilivyo: tarehe fulani, shilingi 100,000 zilitoka chakula zikaenda safari, sababu watoto 10 hawakulipa, aliyeamua ni fulani. Peleka kwa kamati ya shule na mwalimu mkuu kabla ya kupeleka kwenye grupu, waamue inarudije, na waandike kwenye muhtasari. Kama waliopanda basi bila kulipa wapo basi wanadaiwa, kama hawakwenda basi hesabu yenu ya mwanzo ndo ilikuwa mbovu na siyo wewe peke yako.

Mbovu kivipi? Laki nne kugawa kwa 40 ni elfu kumi, sawa. Lakini basi halishuki bei kwa sababu watoto wamepungua, likibeba 30 au likibeba 40 ni laki nne ileile. Ungegawa kwa wale wenye uhakika, tuseme 30, ni kama elfu 13 na mia tatu na kitu. Wakizidi mnawarudishia chenji, na niamini hakuna mzazi aliyewahi kugombana kwa kurudishiwa chenji. Viingilio vya magofu ya Kaole na chakula cha njiani ndo vinahesabika kwa kichwa, hivyo ni tofauti. Na muweke siku ya mwisho ya kulipa kabla ya kumpa mwenye basi advansi, siyo baada.

Kwa kwenda mbele hela isikae kwenye laini yako. Wewe ni binadamu, simu inaibiwa, mtoto anaumwa usiku, unasema nitarudisha kesho. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye wasaini watatu, au hizi huduma za vikundi za kwenye simu kama M-Koba ambazo mtu mmoja hawezi kuchomoa hela peke yake. Na chakula kiwe na mfuko wake, kisiguswe na sherehe. Mahafali yakipungua soda hakuna anayelala njaa.

Mwisho kwenye hili, kila Ijumaa tupia kwenye grupu matumizi: maharage kilo ngapi kwa bei gani, mafuta, kuni, mpishi, na picha ya risiti. Orodha ya wadaiwa usiitupie, hata wakikuomba. Nimeona grupu nyingi zinafanya kinyume, matumizi siri na majina ya wadaiwa yanabandikwa kila asubuhi kama tangazo la msiba, halafu wanashangaa watu wanaleft. Mdaiwa mfuate inbox, kwa adabu, muulize ataweza lini. Wengi wanaokaa bila kulipa siyo kwamba hawana, wanasubiri kwanza waone hela za mwezi jana zilienda wapi.

Anti mimi nipo Mbeya. Elimu si bure? Mbona kila siku naambiwa nilete hela ya uji, na juzi mwanangu kakalishwa darasani wenzie wanakunywa?

Ada ni bure kweli. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ndo uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, ukaja namba 3 wa 2016 kufafanua nani anafanya nini, na huo unasema sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Serikali imepanga ruzuku ya uendeshaji shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo, ni shilingi 51 kwa siku, haifikii hata andazi, na hiyo haijawekwa kwa ajili ya uji. Kwahiyo uji ukiwepo maana yake wazazi wamekaa wakakubaliana.

Ila kukubaliana siyo kulazimishwa. Januari 2018 hayati Magufuli aliwakataza kabisa walimu wakuu kushika michango, akasema anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, na ndo maana mpaka leo shule nyingi hela ya chakula inashikwa na kamati ya wazazi wenyewe na mwalimu hata haisogelei. Mtoto kurudishwa nyumbani au kukalishwa pembeni kwa ajili ya mchango hilo halipo. Nenda kwa mwalimu mkuu kwanza, kwa upole, wakati mwingine ni mpishi tu au zamu ndo imefanya. Asipokusikiliza nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, halafu afisa elimu kata.

Na wewe pia, samahani nikuulize, kikao cha wazazi ulienda? Maana hela inapangwa pale, wanakuja wazazi ishirini wanapanga kwa niaba ya mia nne, halafu kelele zinaanza wiki inayofuata. Kama hali ni ngumu sema mapema kwa mtu mmoja wa kamati, shule nyingi wanakubali uchangie kuni, au ukamsaidie mpishi siku mbili, au ulete maharage.

Shikamoo, natokea Kongwa, ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Sisi wazazi hawana hela ya kila mwezi ila mavuno wanayo. Tumesema kila mtoto debe moja la mahindi. Wengine wanaleta debe limejaa, wengine limepungua, wengine wanaleta hela. Tunarekodi vipi na je debe linatosha?

Marahaba mwenyekiti. Hili swali nimelipenda kuliko yote. Chukua gramu 100 za mahindi makavu kwa mtoto kwa siku, mara siku 194, unapata kilo 19 na nusu hivi. Debe la mahindi ni kama kilo 17 au 18. Kwahiyo debe linakaribia sana ila halimalizi mwaka, na hapo bado ya panya na ya kukoboa. Maharage ukipiga gramu 30 ni karibu kilo 6 kwa mtoto kwa mwaka, hizo nazo ziingizeni kwenye makubaliano maana makande bila maharage ni mahindi ya kuchemsha tu.

Tupeni debe, pimeni kwa kilo. Mizani ya kuning'iniza haina ugomvi, debe kila mtu ana la kwake na lumbesa wote mnaijua. Mzazi akileta, pima mbele yake, andika kilo, asaini, mpe kikaratasi. Anayeleta hela mpigie kwa bei ya siku hiyo hapo sokoni Kibaigwa, iandikwe, maana anayelipa Juni bei ikiwa chini na anayelipa Januari bei imepanda hawawezi kuwa sawa. Ndo maana nakushauri hela za mahindi zikusanywe na kununua palepale wakati wa mavuno.

Kutunza je? Hapo ndo michango mingi inafia. Yaanikwe kwenye turubai mpaka yakauke kabisa, siyo chini kwenye udongo, nyie wa Dodoma hamhitaji kukumbushwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, ilivyofanya 2016. Scania, yaani yule mdudu dumuzi, naye akiingia stoo anabakiza unga. Mifuko ile ya PICS yenye plastiki mbili ndani ni bei kidogo, lakini ukiifunga vizuri hewa haingii na mdudu anafia humo bila dawa, na kwa chakula cha watoto mimi dawa stoo sizitaki. Mlango wa stoo uwe na kufuli mbili, moja ya mwalimu wa zamu na moja ya mzazi, na kila asubuhi kilo zilizotoka na idadi ya watoto waliokula ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Anti dada yangu yupo Nairobi, anasema huko watoto wanagusisha bangili wanapata chakula na mzazi analipia kwa simu. Sisi Temeke tushindwe?

Huo ni mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, unaendeshwa na kaunti ya Nairobi pamoja na Food4Education. Mzazi anaweka hela kwa M-Pesa, mtoto anagusisha bangili kwenye mashine, inakatwa shilingi 5 ya Kenya. Lakini shilingi 5 hainunui sahani ya wali na maharage hata Nairobi, iliyobaki inalipwa na kaunti na hilo shirika, na chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa sana kinasambazwa shule nyingi kwa mpigo. Kwahiyo ukinunua bangili bila hayo mengine umenunua mapambo.

Kitu cha kuiga ambacho hakina gharama ni hiki, pale foleni huwezi kujua nani kwao wamelipia na nani hawajalipia, bangili zote zinafanana. Shule nyingi za kwetu kuna daftari mezani na mpishi anaita majina. Hiyo kazi ya majina ifanyike ofisini na mzazi wa mtoto, mtoto yeye apange foleni ale.

Mwanangu yuko shule ya praiveti, ada nimelipa ila kila wiki inakuja karatasi: aiskrimu dei elfu tano, kuogelea elfu kumi, picha ya darasa elfu saba. Nichoke?

Umeshachoka tayari. Mwanzo wa muhula waandikie barua, waombe orodha ya michango yote ya muhula kwenye karatasi moja, ipi ya lazima na ipi ya hiari. Shuleni mtu wa kuongea naye ni mhasibu, mwalimu wa darasa hana maamuzi hapo, usimgombeze bure. Na ukilipa benki weka namba ya usajili ya mtoto kwenye sehemu ya maelezo, siyo jina, kina Neema wapo sita shule nzima.

Mahafali yameisha, zimebaki elfu 46. Kamati inasema tugawane posho kwa kazi tuliyofanya. Ni sawa?

Hapana. Kama posho ingekuwepo ingetajwa siku ya kupanga bajeti. Waulizeni waliochanga, tupia mapendekezo mawili kwenye grupu: irudishwe au iende mfuko wa chakula wa wadogo zao, wapige kura mpaka Jumapili, wengi wakisema irudi basi mnairudisha hata ikiwa ni mia saba saba, na makato ya kutuma mnayatoa humohumo kwenye hizo 46.