Majaribio ya yuniti yakae peke yake, ya kanzidata yakae peke yake

Juzi mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ameniandikia: "Shikamoo kaka. Mradi wetu wa Java ukiubildi unachukua muda mrefu mno, sasa kila mtu anaweka `-DskipTests`. Tufanyeje?" Hiyo `-DskipTests` huiambia bildi iruke majaribio. Nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu naliweka hapa, maana wengi mmekwama palepale.

Niliwahi kufanya kazi na timu hapa Dodoma iliyokuwa ikijenga mfumo wa malipo. Kanzidata ya majaribio ilikuwa kwenye seva Dar es Salaam. Jaribio la kukokotoa punguzo, ambalo ni hesabu tupu (jaribio la yuniti, yaani la kipande kimoja cha msimbo peke yake), lilikaa folda moja na jaribio linalofungua PostgreSQL, ndiyo kanzidata yenyewe. Mtandao ukiyumba, bildi nzima inakuwa nyekundu, yaani imefeli. Mtu akishaizoea nyekundu, haisomi tena. Ikafika mahali hesabu ya punguzo ikaharibiwa na kupelekwa kwa mteja, na jaribio la kuikamata lilikuwepo! Hakuna aliyeliendesha.

Nikapendekeza tutenganishe. Kiongozi wetu akaniambia mbele ya wenzangu kwamba nachezea muda wa mteja. Kauli ile inaniuma hadi leo. Nikaifanya kazi hiyo jioni, wenzangu wakishaondoka, na mpangilio ule ndio timu iliendelea nao.

Kwenye Maven, zana ya kubildi miradi ya Java, kinachotenganisha ni jina la klasi. Surefire, programu-jalizi yake ya majaribio ya yuniti, huendesha klasi ambazo jina linaishia na `Test`, `Tests` au `TestCase`, au linaanza na `Test`. Failsafe, programu-jalizi ya majaribio ya muunganiko (integration test, kifupi `IT`) kama yale ya kanzidata, huchukua zenye `IT` mwanzoni au mwishoni, au `ITCase` mwishoni. Kwa hiyo `MalipoDaoTest` niliibadili ikawa `MalipoDaoIT`, na papo hapo `mvn test` ikaacha kuigusa.

Ila Failsafe haiji yenyewe. Unaiongeza kwenye `pom.xml`, faili la mipangilio ya mradi, na kuipa kazi mbili, `integration-test` na `verify`. Ukiisahau hiyo ya pili, majaribio yatafeli na bildi itakuambia imefaulu. Imeundwa hivyo makusudi: haikati bildi katikati, ili hatua ya `post-integration-test` ipate nafasi ya kuzima seva au kontena ulilowasha. Hukumu hutolewa kwenye `verify`. Ndiyo maana amri ya kuendesha ni `mvn verify`. Usiishie `mvn integration-test`.

Na hiyo `-DskipTests` mnayoipenda huruka makundi yote mawili. Ukitaka kuruka ya kanzidata peke yake, andika `-DskipITs`. Vijana wangu, nawasihi: hesabu ya fedha za watu isitoke kwenye laptopu yako bila kujaribiwa. Hakuna haraka ya mteja inayohalalisha hilo. Mwenye mamlaka akikubeza, fanya bado. Jaribio la yuniti lisiguse mtandao wala kanzidata, na liendeshwe kila unapohifadhi kazi yako. Lile la kanzidata liendeshwe kabla ya kuunganisha msimbo na wa wenzako, tena kwenye PostgreSQL halisi. Testcontainers, maktaba ya Java, itakuwashia moja ndani ya Docker (programu ya kuendesha kontena) na kuizima ukimaliza.

Leo tafuta kila klasi inayofungua kanzidata, uipe `IT`. Kisha zima data, zima na PostgreSQL iliyoko kwenye laptopu, uendeshe `mvn -o test`. Itakayofeli kwa kukosa muunganisho ilistahili `IT`, nayo ibadili jina.