Bwana Mifugo Anajibu: Utitiri wa Baji, Usoni na Bandani

Mwezi huu barua za ndege zimezidi za mbuzi na kuku, na nyingi zinawahusu baji, hawa kasuku wadogo wenye asili ya Australia. Wengi wanaouliza wameshanunua dawa kabla hawajajua wanamtibu mdudu gani. Nimechagua barua nne. Mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu, maana aina mbili za utitiri zinazosumbua zaidi katika banda la baji haziishi mahali pamoja wala hazitibiwi kwa njia moja.

*Shikamoo Bwana Mifugo. Nina banda la waya uani lenye baji wapatao ishirini. Madume wawili wameota ukoko mweupe pembeni mwa mdomo, nao unapanda hadi puani. Jike mmoja naye, ile nyama ya juu ya mdomo imegeuka kahawia na kukauka. Aliyeniuzia anasema ninunue ile sindano ya minyoo ya ng'ombe, nidondoshe tone moja shingoni mwa kila ndege. Dawa nimeiona dukani na bei si kubwa, lakini nasita. Nifanyeje?*
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Endelea kusita, na chupa hiyo usiifungue.

Nianze na hesabu, kwa sababu nimeona ndege wakifa kwa dawa ilhali ugonjwa wenyewe ulikuwa bado unawapa muda. Baji mzima ana gramu 30 hadi 40 tu. Dawa iliyomo katika chupa hiyo ni ivamektini, nayo hupimwa kwa uzito wa mnyama. Kipimo cha kawaida kwa ndege ni mikrogramu 200 kwa kila kilo, kwa hiyo baji wa gramu 35 anahitaji mikrogramu 7. Chupa ya ng'ombe ni ya asilimia 1, yaani kila mililita ina miligramu 10. Tone moja la bomba la sindano ni kama mililita 0.05, nalo limebeba mikrogramu 500. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya mara 70 ya anachohitaji. Wapo wanaonusurika, kwa kuwa si dawa yote inayopenya ngozi, na hao ndio wanaosimuliwa sokoni. Wanaolegea, wakashindwa kushika kijiti na kukutwa chini asubuhi, hawasimuliwi.

Sasa tuwatazame ndege wenyewe. Huyo jike mwache, huenda ni mzima kabisa. Jike anapokuwa tayari kutaga, nyama ile yenye matundu ya pua hugeuka kahawia, hukunjamana, na mara nyingine tabaka la juu hubanduka lenyewe. Msimu wa kutaga ukipita rangi hurudi. Wa kuogopewa ni dume ambaye nyama yake ilikuwa samawati kisha ikaanza kuwa kahawia, kwa sababu hapo mara nyingi kuna uvimbe kwenye korodani. Hilo ni jambo la daktari, halihusiani na mdudu.

Madume wako wawili ndio wenye dalili. Mtoe mmoja nje mchana, kwenye mwanga wa jua, umshike kwa kitambaa chepesi bila kumbana kifua, kwa sababu ndege hupumua kwa kutanua kifua na ukikibana anakosa hewa. Utazame ukoko huo kwa kioo cha kukuzia. Utitiri wa magamba unachimba ndani ya ngozi, na ukoko wake una vitundu vidogo vidogo vingi kama sega la nyuki. Ukiviona vitundu hivyo, karibu umepata jibu. Huanzia pembe za mdomo, ukaenda puani, kuzunguka macho, kisha miguuni na karibu na njia ya haja. Kitaalamu unaitwa Knemidocoptes pilae. Ukiachwa muda mrefu unaharibu mahali mdomo unapoota, na mdomo ukishapinda hupinda moja kwa moja. Ndege wa namna hiyo atahitaji kukatwa mdomo kila mara maisha yake yote ili aweze kumenya mbegu.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Najua wengi wao siku nzima wako kwa ng'ombe na kuku, lakini anaweza kukwangua ukoko kidogo, akauweka chini ya hadubini na kukuonyesha mdudu mwenyewe. Mwombe ampime ndege kwa mizani ndogo ya kidijitali, na kama hana, nenda na ya jikoni kwako. Kisha akuandalie ivamektini iliyozimuliwa kwa uzito huo, ya kupaka kwenye ngozi ya nyuma ya shingo au ya kumpa mdomoni. Sindano ya nyama usikubali kwa ndege mdogo kiasi hiki. Dozi moja haitoshi. Hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, na walioathirika sana hupewa ya tatu. Ukoko hautaanguka kesho yake, na usiung'oe kwa kucha, maana chini yake kuna nyama mbichi. Unaweza kuulainisha kwa Vaseline kidogo kwa kijiti cha pamba, juu ya ukoko tu, mbali na tundu la pua na mbali na manyoya. Manyoya yakilowa mafuta ndege hapati joto.

Naomba sana usipake mafuta ya taa. Najua bibi zetu waliyapaka kwenye miguu ya kuku yenye magamba, na kuku wengine walipona. Lakini kuku ana kilo mbili na mguu uko mbali na pua. Hapa unapaka kando ya tundu la pua la ndege wa gramu 35. Yanaunguza ngozi na mvuke wake unaingia mapafuni.

Na wanaotibiwa wasiwe wawili hao peke yao. Utitiri huu hupita kwa kugusana, hasa kutoka kwa wazazi kwenda kwa makinda kiotoni, na ndege anaweza kuubeba muda mrefu bila dalili. Hujitokeza anapodhoofika kwa msongamano, safari au chakula kibovu. Kwa hiyo banda zima litibiwe pamoja, kila mmoja kwa uzito wake. Mdudu huyu hadumu sana nje ya ngozi ya ndege. Kwa banda lenyewe inatosha kutupa vijiti vya zamani, kuweka vipya na kuosha vyombo kwa maji ya moto na sabuni. Ukinunua ndege mpya, mtenge kwanza mwezi mmoja au zaidi kidogo.

Chakula nacho. Uwele na ulezi vitupu, siku nenda siku rudi, havina vitamini A ya kutosha na ngozi ya ndege inakosa kinga. Wape mchicha, matembele, karoti iliyokunwa. Parachichi usiwape kamwe, ni sumu kwao.

*Asalaam aleikum Bwana Mifugo. Makinda wangu wanakufa kwenye visanduku vya kutagia wakiwa na umri wa wiki moja hivi. Majike wanaacha mayai usiku. Nyuso zao ziko safi, hazina magamba. Mimi mwenyewe nikitoka kusafisha banda mikono inaniwasha hadi kulala. Nilipuliza dawa ya mbu ya kopo, ikatulia siku chache, kisha ikarudi.*
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umetaja mambo matatu, makinda kufa, jike kukimbia kiota usiku na wewe kuwashwa, na nikiyaweka pamoja sina shaka kubwa. Huu ni utitiri mwekundu, uleule wa banda la kuku. Mchana ukimshika ndege humwoni mdudu hata mmoja, kwa sababu hayupo kwa ndege. Yuko kwenye nyufa za mbao, nyuma ya kisanduku, mwisho wa kijiti kinapogusa waya. Giza likiingia unapanda, unanyonya damu, unarudi mafichoni kabla hakujapambazuka.

Uthibitishe leo. Saa tatu usiku ingia bandani na tochi, geuza kijiti na utazame ncha zake. Utaona vidoa vinavyotembea, vya kijivu vyenye njaa na vyekundu vilivyoshiba. Au weka kitambaa cheupe chini ya kijiti usiku kucha, asubuhi ukikunje na kukibana kwa kidole. Ukiona alama za damu, ndio wenyewe. Kinda wa baji huzaliwa bila nyoya hata moja na damu yake ni kidogo mno. Mfungue mdomo: ukiwa mweupe badala ya waridi, ameshanyonywa.

Dawa ya mbu ya kopo usiirudie. Inamwingia ndege mapafuni, na yai la utitiri ndani ya ufa haliguswi. Kwenye joto la pwani yai huweza kufika utu uzima ndani ya wiki moja, ndiyo maana ulipata nafuu ya siku chache tu. Wala usifikirie kuliacha banda tupu mpaka wadudu wafe njaa. Wanaweza kukaa miezi mingi bila damu.

Kazi yako iko kwenye mbao. Hamisha ndege wote waende kwenye tundu la chuma lililooshwa. Makinda walio hai watie kwenye kisanduku kisafi chenye maranda mapya, ukitundike palepale cha zamani kilipokuwa ili mama asipotee. Visanduku vya zamani vilivyooza au kupasuka vichome moto, bila kuvihurumia. Vilivyo imara vimwagie maji yanayochemka, nje na ndani, kisha vianikwe juani. Fanya hivyo kwa vijiti vyote. Nguzo za boriti na paa la makuti ndipo penye shida kubwa huku kwetu, maana hakuna maficho mazuri kuliko gome la boriti. Kwangua gome lote. Ziba nyufa kwa gundi ya seremala iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha paka chokaa nzito mara mbili. Chokaa ni kazi ya zamani ya pwani, na kwa shida hii naiamini kuliko makopo mengi ya dukani, kwa sababu inaziba mahali mdudu anapolala.

Baada ya chokaa, nyunyiza unga wa pareto kwenye maungio, ndege wakiwa bado nje, uache utulie, ufagie uliozagaa kabla hujawarudisha. Pareto ni ua la mashambani mwetu wenyewe, linalimwa Nakuru na nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wengine hutumia udongo wa diatomiti, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, ambao humkausha mdudu. Ni mzuri, lakini utie ndani ya nyufa tu na ujifunge kitambaa puani, kwani vumbi lake ni baya kwako na kwa ndege. Rudia ukaguzi na usafi kila wiki kwa mwezi mzima, na tochi yako usiiweke mbali hata ukidhani umeshinda.

Tazama pia juu ya banda. Kama shomoro au njiwa wamejenga darini, utitiri unashuka kutoka huko kila makinda wao wanaporuka na kiota kubaki kitupu. Ondoa viota vitupu, na weka waya wa matundu yasiyozidi nusu inchi ili shomoro wasiingie kula uwele. Kuhusu mikono yako, oga kwa sabuni na fua nguo ulizofanyia kazi. Utitiri huu humuuma mtu lakini haukai mwilini mwake.

*Habari Bwana Mifugo. Baji wangu anatoa mlio wa tik-tik akipumua na mkia unapanda na kushuka. Nimeambiwa ana utitiri wa kwenye koo.*
*Msomaji, Morogoro*

Utitiri wa njia ya hewa upo, lakini ni maradhi ya chiriku wa kufugwa zaidi. Kwa baji ni nadra. Baji anayepumua kwa mkia mara nyingi ana ugonjwa mwingine wa kifua, na mmojawapo, homa ya kasuku, humwambukiza binadamu kupitia vumbi la kinyesi kikavu. Kwa hiyo mtenge leo hii mahali pa joto, lowesha kinyesi kabla ya kukifagia, funika pua na mdomo, na watoto wasimshike. Wewe uko Morogoro, una bahati: hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko jirani. Mpeleke asubuhi, usisubiri wiki ijayo. Na wewe au mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi, mwambieni daktari kwamba mnafuga kasuku.

*Makinda wangu wanatoka kiotoni vizuri, kisha manyoya marefu ya mabawa na mkia yanakatika. Wanakimbia chini tu, hawaruki. Nimewapulizia unga wa utitiri mara nyingi bila mafanikio. Niongeze?*
*Msomaji, Kigamboni*

Usiongeze, acha kabisa. Mkubwa anayepukutisha nyoya moja hapa na moja pale anabadilisha manyoya tu. Lakini makinda kadhaa wanaopoteza manyoya ya kurukia kwa wakati mmoja ni kazi ya kirusi, na hakuna unga unaokigusa. Wengine huota manyoya tena wakaruka, wengine hubaki wakimbiaji, nao huweza kuishi vizuri wakiwekewa vijiti na chakula chini. Ondoa visanduku vyote vya kutagia kwa miezi kadhaa, osha banda kwa maji yenye jiki kidogo ndege wakiwa nje, na lisuuze mpaka harufu iishe. Usiuze wala kugawa ndege yeyote kutoka banda hilo kwa sasa, hata wale wakubwa wanaoonekana wazima, na usiingize mpya mpaka daktari amewaona waliopo.