Mdogo wangu wa Ludewa, usiandike barua ya kuacha ualimu ukiwa na hasira kama mimi

Kamwene ndugu zangu. Juzi usiku nilikuwa nahesabu viriba, ile mifuko ya nailoni ya miche, vya oda ya mzee mmoja wa Lupembe, meseji ikaingia. Mwalimu wa kike, yuko Ludewa, anaingia mwaka wa 6 kazini. Kaandika "Shikamoo madam, nimechoka, Ijumaa napeleka barua ya kuacha kazi nianze kitalu cha parachichi kama wewe, nianzie wapi?" Nimeisoma mara nne. Sikulala vizuri maana hiyo barua naijua, niliiandika Agosti 2020, mpaka kalamu niliyoandikia naikumbuka. Na najua wengi wenu mko hapo hapo alipo yeye, kwa hiyo namjibu yeye ila mnasikia wote.

Niliajiriwa 2014, Baiolojia na Kemia, sekondari moja ya kata huku Wanging'ombe. Na kufundisha nilikuwa napenda, hilo mtu asinisemee. Uchavushaji nilikuwa nafundishia maua ya maboga ya shamba la jirani na watoto walikuwa wanaelewa, kuna mmoja sasa hivi ni bwana shamba. Kilichonishinda siyo watoto. Ni slip ya mshahara. Mnaijua wenyewe, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi) asilimia 5, bima 3, chama cha walimu 2, bodi ya mikopo 15, kodi bado, halafu ukishuka chini kabisa unakutana na benki. Mimi 2019 nilikopa milioni 8 za miaka 5, nikanunua kiwanja na kujenga banda la kitalu, ikawa kila mwezi kinachobaki ni ile theluthi moja ambayo sheria inasema lazima wakuachie, na waliniachia hiyo hiyo theluthi, haikuzidi.

Kitalu chenyewe nilikianza 2017 nyuma ya nyumba ya mwalimu, viriba 150 tu, jioni baada ya vipindi. Pale stafu walikuwa wananicheka, mwalimu mwenye digrii anajaza udongo kwenye nailoni. Nilikaa kimya. Halafu Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya corona, na ile miezi mitatu mpaka tunarudi Juni 29 nilishinda kitaluni asubuhi hadi usiku, nikafikisha miche 2,000, nikasema kumbe hii kitu ningepata muda ingenilisha.

Sasa Agosti nikaomba ruhusa ya siku moja nipeleke oda Makambako. Mkuu wa shule akanijibu mbele ya walimu wote, "Madam, chagua, shule au miparachichi yako." Watu wakacheka. Nawaambia ukweli, mpaka leo nikikumbuka kile kicheko kifua kinabana. Jioni ile ile nikaandika barua, ya saa 24, ile ambayo unailipa serikali mshahara wa mwezi mmoja ili uondoke kesho. Ningetoa notisi ya mwezi nisingelipa hata mia, ila nilikuwa sitaki kumuona yule mtu mwezi mzima, nikalipa hasira yangu kwa hela ya miche. Na barua inapita kwa huyo huyo mkuu. Aligonga mhuri bila kuinua kichwa, miaka 6 yote hiyo hata neno asante hakuna.

Mama yangu alilia kama amefiwa. Kwa Mama mimi nilikuwa "mwalimu wetu", kanisani alikuwa anatambulika hivyo.

Nilidhani mafao yatanibeba. Fao la kujitoa halipo tena, nikaambiwa michango yangu inakaa huko mpaka umri ufike. Benki nao mshahara ulipokoma kuingia simu ikaanza kuita, kwanza kwa upole, baadaye siyo kwa upole. Nikauza pikipiki, nikauza kochi, dada yangu wa Makambako akanikopesha laki 6 na mumewe hakujua.

Halafu ikaja Juni 2021. Waliokaa Njombe wanajua Juni na Julai zinavyokuwa. Nilikuwa nimebebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha parachichi bora juu ya mche mwingine, Hass (aina ya parachichi) 1,400 mwishoni mwa Mei, nikaziacha wazi kwa sababu hela ya nailoni ya kufunika sikuwa nayo. Nikaamka alfajiri moja majani ya chini yana umande ulioganda mweupe kama chumvi, nikagusa machipukizi, laini, meusi, yanabaki kwenye vidole. Nilikaa chini kwenye tope pale pale. Zilipona 90 na kitu.

Hapo katikati naruka, ni kubeba udongo na kukopa, hakuna cha kusimulia. Aliyeniokoa ni kijana mmoja aliyeishia darasa la saba anayefanya kazi kwenye kitalu cha jirani, akanionyesha kosa langu, na mimi nilikuwa na digrii ya Baiolojia. Nilikuwa nachukua vikonyo vichanga, vile vijiti vya kuunganishia. Kikonyo kinatakiwa kiwe unene wa penseli, jicho limevimba ila halijafunguka, unakichonga kama kabari kwa wembe mpya, mara moja tu, usirudie rudie, unapasua shina mama, yaani mche wa chini unaobebeshwa, unashindilia gome likutane na gome walau upande mmoja, unafunga nailoni kwa kukaza mpaka maji yasiingie. Tangu anifundishe nikibebesha 100 zinashika 85 na zaidi.

Wiki iliyopita nimemaliza deni la benki. Nimelipa lote. Msimu uliopita nimeuza miche 6,000, kwa hiyo ndiyo, najivunia, na wale waliocheka siku ile wawili wamenipigia wanataka nije kuwafundisha, nitaenda.

Lakini sikilizeni, na hapa naongea kama dada yenu. Usiache kazi ukiwa na mkopo. Narudia, usiache kazi ukiwa na mkopo wa benki, maliza mkopo kwanza. Serikali inakupa mshahara kila mwezi hata mvua isiponyesha, kitalu kinakupa hela Novemba mpaka Januari watu wakipanda, basi, kuanzia Februari unakula ulichohifadhi na kama hukuhifadhi unakula aibu. Walimu wengi tuna dharau moja, tunadhani mtu aliyesoma atashinda shambani kwa sababu amesoma. Shamba halijui cheti chako. Na usifanye maamuzi siku uliyotukanwa, kaa hata muhula mmoja, kama bado unataka kuondoka utaondoka na notisi ya mwezi, umekabidhi vitabu na maksi za watoto, maana watoto hawakukutukana. Mimi kidato cha 4 niliwaacha miezi mitatu kabla ya mtihani. Hilo halilipiki.

Mdogo wangu, mwingine asikudanganye kuwa nakukatisha tamaa. Ludewa kuna sehemu nzuri sana za parachichi, ila milimani siyo sawa na kule Manda ziwani, kwa hiyo hata hilo la "nianzie wapi" siwezi kukujibu kwa simu. Ijumaa nenda kafundishe. Jumamosi panda gari uje Njombe, beba slip yako tusome wote deni limebaki kiasi gani, na vaa viatu vya tope. Nina shina mama 300 zinasubiri. Utabebesha 20 kwa mkono wako, tutaziwekea alama, na baada ya wiki sita utarudi tuhesabu zilizoshika.